Muhogo wa Kalume

Kwenye kivuko cha Kindu, Mama Kabedi, mke wa mtu wa reli, alimpa muhogo kwanza Kalume, yatima wa kutoka Pangi anayemlea, ambaye habari zake alishatusimulia zote sisi abiria kabla hatujaondoka ufukweni. Ndipo akawapa wanawe wawili. Citoyenne, yaani Bibi, Ngoyi, abiria mwenzetu anayesomea kazi ya kusaidia walezi, akashindwa kuvumilia.

"Mama, ukimutanguliza kila siku, njo unamuonyesha yeye ni mugeni. Wote wapate pamoja."

"Mwanangu, hawa wanajua mimi ni mama yao. Huyu bado iko anaangalia mukono yangu."

Walibishana mpaka katikati ya mto. Halafu Ngoyi akatoa karanga kuwapa watoto, na mkono wake ukaanza kwa Kalume. Mama Kabedi aliona. Akanyamaza mpaka tukafika ng'ambo, jambo ambalo sikudhani analiweza.