Mshika Breki wa Treni ya Mbao

Mheshimiwa Meya, ndugu wageni waalikwa kutoka Baraza la Mji, mafundi wetu, wakazi wenzangu wa Saltmere, nanyi mliokaa ukutani kwa kuwa viti vimekwisha: habari za asubuhi. Mimi ni Doreen Twyman, mwenyekiti wa kamati iliyosumbua watu kwa miaka kumi na miwili. Walionifungia mlango wanajijua, na wengine naona wamepewa viti vya mbele. Karibuni sana.

Tulipoambiwa bustani hii ya burudani itabomolewa zijengwe nyumba, tulikataa. Tukapaka rangi farasi wa mbao kwenye mvua ya Februari, tukila chipsi zilizopoa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi rahisi. Kazi ngumu ilikuwa treni hii ya mbao iliyo nyuma yangu, iliyoanza kuwapandisha na kuwashusha watu kwenye vilima vyake vya mbao, kwa raha tu, kabla mama yangu hajazaliwa. Ikiteremka hukimbia kwa uzito wake yenyewe, na kasi hiyo ndiyo huipandisha kilima kinachofuata, lakini haijui kujisimamisha. Lazima mtu asimame katikati ya mabehewa, aivute breki kwa mkono. Mkaguzi wa usalama alitueleza waziwazi: asipopatikana mshika breki aliyefuzu, treni haitembei. Na bila treni, nani angekuja Saltmere?

Aliyeijua kazi hiyo alibaki mmoja tu, Mzee Cyril Pettman, mwenye miaka themanini na tatu na mabega yaliyogoma. Nilimwomba atuandikie maelezo. Akanijibu, "Niandike nini, Doreen? Wewe umeandika unavyotembea?"

Basi tukamletea mwanafunzi, Hazel Cobb, dereva wa basi. Majuma matatu Mzee Pettman alisimama hapa chini akimfokea: "Dada, hilo si basi! Hapa hakuna kituo!" Maana Hazel, kama dereva mwema, kila alipoona mteremko alifunga breki. Siku ya majaribio, upepo ukitupiga kutoka baharini, akafunga mapema mno. Treni ikakosa nguvu ya kupanda kilima cha pili, ikakwama bondeni. Mkaguzi, na tai yake na viatu vyake vya kung'aa, akashuka kusukuma pamoja nasi. Je, mnadhani alicheka? Hakucheka. Alitupa siku kumi za kujiandaa kwa jaribio la mwisho.

Hazel alilia, akasema anarudi kwenye basi lake. Mzee Pettman akamwambia, "Lia, ukimaliza panda. Mimi siku yangu ya kwanza niliwasukumisha watu wa harusi nzima, bibi harusi akiwamo." Akamfundisha kusikiliza magurudumu: yakinguruma, acha, yakianza kupiga mluzi, vuta.

Juzi mkaguzi alirudi. Hazel hakuigusa breki mpaka mluzi uliposikika, na treni ikaingia kituoni taratibu, ikasimama. Mkaguzi akatia saini. Nilijificha nyuma ya kibanda cha tiketi nikalia kwa furaha, na nasema bila haya.

Waliosema tutachoka walisema kweli, tumechoka. Lakini hatukuacha, na Jumatatu tunaanza kutengeneza bembea kubwa. Leteni glavu.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Mheshimiwa Meya, ratiba inasema wewe ndiye abiria wa kwanza. Niwie radhi, nimeibadilisha. Mzee Pettman, miaka arobaini umeiendesha treni hii ukiwa umesimama, ukitazama visogo vya watu wanaofurahi, na hujakaa hata siku moja. Njoo, kiti cha mbele ni chako. Breki anayo Hazel.