Mirasiberi Ing'olewe Kabla ya Mafundi

Sogeeni, wanangu. Wilfred, acha kusimama mlangoni kama mgeni. Winfrida, niinue kidogo, mto huu unanichoma. Hapana, nirudishe. Fungueni dirisha nisikie kama mafundi wamefika, maana wakianza kuchimba msingi kabla sijamaliza maneno yangu, nitakwenda kwa Mungu na moyo mzito.

Kiwanja hiki cha Mwandiga ni chako, Wilfred. Jenga, simzuii mtu kuwajengea wanawe. Lakini mirasiberi ile ya bondeni hapo nje, utakapopita msingi, ni ya Winfrida, akaipande kwake Rusimbi, na nimechoka kuwasikia mkigombea miiba na mimi ningali hai. Dada yangu Recho, aliyeolewa Burundi, aliileta mwaka ule wa vita vya huko: alishuka Kagunga mpakani na mtoto mgongoni, na machipukizi ameyafunga katika kitenge kilicholowa. Watu wakamcheka, "Wenzako wamebeba masufuria, wewe umebeba miiba!" Mtoto hakumaliza mwaka. Miiba ikazaa, na tunda lake la kwanza, jekundu, laini, Recho alilila akilia.

Mizizi ya mrasiberi haijui mpaka. Ilipita chini ya ua ikaibukia kwa jirani yetu Bonaventura, naye akaja juu, tukatukanana hadi tukanyimana salamu, hata msibani tukawa tunakaa mbali mbali. Kisha mbuzi wakaingia kwetu tukiwa kanisani, wakatafuna kila jani, na jua la kiangazi likamalizia mashina. Asubuhi moja namwona Bonaventura mlangoni na ndoo. "Mama Wilfred," akasema bila kunitazama, "chukua miiba yako, imenichosha." Ndani ya ndoo machipukizi mabichi, yale yaliyoibukia kwake, mizizi imefunikwa udongo. Alikuwa akiyamwagilia, mtu yule, na kiangazi kile! Fimbo ya mbali haiui nyoka, wanangu. Msimpite bila kumwamkia.

Sasa... nilikuwa wapi? Ndiyo. Msing'oe kwa kuvuta. Chimbeni mbali na shina, chipukizi litoke na mzizi wake. Juu lipunguzeni libaki kimo cha shibiri moja, mzizi usipigwe na jua, lipandwe siku hiyohiyo, kivulini, udongo usikauke mpaka litoe jani jipya. Tawi lililokwisha kuzaa likateni, halizai tena, lipisheni changa. Nami msinililie kupita kiasi.

Machipukizi ya kwanza mpelekeeni Bonaventura. Mpelekeeni wote wawili, mkiwa mmeongozana. Maji... midomo tu, inatosha. Nani huyo nje? Mafundi? Wilfred, tazama... Wilfred? Unakwenda wapi, sijakubariki!

Nyamaza, Winfrida, nisikie.

Hilo ni jembe. Ni yeye, namjua anavyoguna akichimba, kama baba yake. Taratibu, mwanangu... mbali na shina. Mungu awaweke meza moja. Awape watoto wa kuwazika, na... pumzi hii... awape kusameheana mapema. Nenda, Winfrida. Usikae kunishika mkono. Nenda, hawezi peke yake.