Koleo Ndani ya Dele

Kijiwe chetu kilikuwa kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, njia ya kwenda soko la samaki, hapa Bagamoyo, na mtu akikwambia kwamba watu walikuja pale kupumzika, huyo hajawahi kukaa. Watu walikuja kubishana mpaka wachoke, kisha wakaenda kupumzika makwao. Mzee Mbaruku alitandaza pale jiko lake la mkaa, vikombe, sinia la kashata na dele la shaba la kupikia kahawa, alilorithi kwa babu yake. Ulikuwa mwaka wa sabini na tatu, redio inatuhimiza kutwa kucha tuchemshe maji ya kunywa. Asubuhi hiyo alikuwapo Mrisho Spoku, fundi baiskeli, na mfuko wake wa vyombo. Alikuwapo Haji Redio, ambaye kila alilolisikia redioni alilifikisha kwetu likiwa limenenepa. Alikuwapo Sadallah, aliyesoma kwa maalimu hadi nusu ya kitabu akaacha, nasi tukamwita Shekhe Nusu. Na katikati yao alikaa rafiki yangu Bwanausi, leso imemfunga kutoka kidevuni mpaka utosini, mashavu yamevimba, hawezi kutamka neno. Baada ya Alasiri siku hiyohiyo alitakiwa kumwozesha binti yake wa pekee, Mwaija.

Mimi: Haji, wewe ndiye uliyempeleka hospitali. Mbona mmerudi na jino?

Haji Redio: Tumerudi na roho, ushukuru! Tumeingia kwa Bwana Meno, katukaribisha vizuri, kasema, "Kaeni, vyombo vinachemka." Mie nikadhani chai. Mara namwona anachukua koleo, analitumbukiza kwenye sanduku la bati juu ya jiko la mafuta ya taa. Maji yanatokota, mvuke unagonga dari! Ndugu zangu, yule anataka kumng'oa mwenzetu kwa chuma cha moto.

Bwanausi: Mmh!

Haji Redio: Mnamsikia? Anasema kweli tupu, naye aliona.

Mrisho Spoku: Hakusema hivyo. Amesema laiti angeanzia kwangu.

Sadallah: Mnahangaika bure. Baba akishindwa kusema, anamwakilisha shekhe, shekhe anaozesha, tunakula pilau. Dini nyepesi.

Bwanausi akatikisa kichwa kwa nguvu hata leso ikafunguka. Mimi nilijua kwa nini. Mke wake alifariki Mwaija angali mchanga, akamlea mwenyewe, akamsuka nywele mwenyewe, mistari imepinda hivyohivyo. Miezi yote tangu posa nilimsikia nyuma ya ua wake akijifunza maneno ya kuozesha kwa sauti ndogo, anakosea, anarudia. Mtu kama huyo humwambii amtume mwingine akaseme. Nilimwonea uchungu, nikamfunga leso yake upya.

Mimi: Jino litoke kabla ya Alasiri, basi. Hayo mengine baadaye.

Sadallah: Hayo mengine ndiyo kwanza! Huyu Bwana Meno anachemsha koleo kwa hoja gani? Damu ni najisi, sawa. Najisi inaoshwa kwa maji mpaka iondoke rangi, harufu na ladha. Kitabu hakikutaja jiko.

Mzee Mbaruku: Ladha? Nani anaonja koleo?

Sadallah: Mgonjwa.

Mzee Mbaruku: Ehee. Hapo kweli.

Haji Redio: Anachemsha kwa sababu ya vijidudu. Redio imesema. Viko kila mahali, navyo havionekani.

Sadallah: Kama havionekani, redio ilivionaje?

Haji Redio: Redio ina macho? Imevisikia.

Mrisho Spoku: Mie nazungumza kifundi. Chuma ukikichemsha kinalainika. Muhogo ukiuchemsha unakuwaje?

Mimi: Muhogo si chuma, Mrisho.

Mrisho Spoku: Wewe hujala muhogo wa Kerege. Ule ni chuma, na bado unalainika. Basi koleo lake litakuwa limeshakuwa ugali. Atalivuta jino, koleo litarefuka, jino litabaki palepale. Koleo langu halijapata kuona maji ya moto tangu nilinunue.

Bwanausi: Mmmh.

Mrisho Spoku: Ameliafiki.

Mzee Mbaruku alikuwa anakoleza mkaa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na laiti angeendelea hivyo. Akapangusa kikombe, akakohoa.

Mzee Mbaruku: Nyote watoto. Hebu nijibuni. Yule aliyetangulia kung'olewa, jino lake lilikuwa linauma, haliumi?

Haji Redio: Linauma.

Mzee Mbaruku: Limetoka. Maumivu yamekwenda wapi?

Haji akainama, akachungulia chini ya sinia.

Mzee Mbaruku: Yamebaki kwenye koleo! Ndiyo anayoyachemsha. Maumivu yanaiva, yanapanda na mvuke, yanatoka mlangoni. Na mlangoni nani amekaa? Watu wa foleni. Umepata kumwona mtu kwenye foleni ile asiyeumwa jino?

Haji Redio: Hata mmoja!

Mzee Mbaruku: Hata mmoja. Basi.

Ilikuwa hoja mbovu kuliko zote zilizopata kutolewa pale kijiweni, na nilitafuta pa kuivunjia nikakosa. Sadallah alifumba macho akaitafuta katika ile nusu ya kitabu. Bwanausi alijishika shavu akajisogeza mbali na mvuke wa dele.

Haji Redio: Sasa nimeelewa jambo la mpapai.

Mimi: Mpapai gani tena?

Haji Redio: Ule wa nyuma ya chumba cha meno. Yale maji akimaliza anayamwaga shinani. Umeyaona mapapai yake? Laini, laini, kibogoyo anakula na anashiba. Mti umeshawajua wateja wake.

Sadallah: Subhanallah. Na mbegu zake je?

Haji Redio: Nyeusi.

Sadallah: Kama meno mabovu! Haramu kuyala mapapai yale. Au makuruhu, sikufika ukurasa huo.

Mimi: Jamani, jua linapanda! Mtu ana harusi!

Nilipiga kelele kwa sababu nilikuwa nimekasirika. Hospitali ilikuwa hatua chache kutoka pale tulipokaa. Nikamshika Bwanausi mkono, nikamwambia inuka twende, nitakaa nawe humohumo ndani. Akanitazama, akalitazama dele linavyofuka, akakaa tena. Aliogopa kile chuma cha moto kuliko alivyoogopa kukosa kusema maneno yake, na jambo hilo lilimtia aibu, nikaliona usoni mwake.

Mrisho Spoku: Usimlazimishe. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na mie hapa koleo ninalo. Nang'oa misumari, nang'oa spoku, nitashindwa na kimfupa?

Haji Redio: Lakini lichemshwe. Redio imesema.

Mrisho Spoku: Si tumesema kuchemsha kunalainisha?

Haji Redio: Kidogo tu. Liwe kama muhogo wa kuchomwa, nje laini, ndani mgumu.

Sadallah: Na liwe twahara. Mrisho, koleo hili limeshika nini jana?

Mrisho Spoku: Jana? Mnyororo. Leo asubuhi, mnyororo wa mbwa wa mlinzi wa godauni.

Sadallah: Mbwa! Aliligusa kwa ulimi?

Mrisho Spoku: Mbwa akikutana na fundi unadhani anatoa salamu kwa kitu gani?

Sadallah: Basi mara saba, na mojawapo kwa udongo. Hapo hakuna mjadala.

Hapakuwa na sufuria. Palikuwa na dele tu, tena limejaa kahawa, na Mzee Mbaruku akalikumbatia kama mtu aliyeona wezi. Akasema ndani ya shaba ile hakijaingia kitu isipokuwa maji, buni na tangawizi tangu zama za Mjerumani. Haji akamwambia mzee, bibi harusi anasubiri. Mrisho akamwambia mzee, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mzee Mbaruku akamjibu kuwa nguo hakuivua yeye.

Haji Redio: Hofu yangu nyingine. Kahawa inaondoa usingizi.

Mzee Mbaruku: Ndiyo sifa yake.

Haji Redio: Sasa ukivichemshia vijidudu kahawa, si vitakesha?

Mzee Mbaruku: Kahawa yangu?

Haji Redio: Hii hii. Havitakufa, mzee. Vitakaa macho, vizungumze mpaka alfajiri.

Hapo ndipo Haji alipoharibu. Kumwambia Mzee Mbaruku kwamba kahawa yake haiwezi kumuua mdudu asiyeonekana ni kumtukania ukoo. Aliinuka, akalinyakua koleo mkononi mwa Mrisho pamoja na mafuta yake meusi ya mnyororo, akalitumbukiza ndani ya dele mwenyewe.

Mzee Mbaruku: Haya! Tuone mdudu atakayetoka humo mzima!

Tukainama kusikiliza. Dele likagonga gonga. Juu ya kahawa ukaja utando wa mafuta unaong'aa rangi zote, na Sadallah akasema hayo ndiyo maumivu ya mbwa.

Mrisho akalitoa koleo kwa tambara alilokuwa akipangusia minyororo, likamuunguza, akalitupa chini mchangani. Mimi nikasema basi, limeshachafuka, tumalize upuuzi huu. Sadallah akaruka wima.

Sadallah: La! Mara moja kwa udongo! Sharia imetimia yenyewe. Rudisha kwenye dele.

Mrisho Spoku: Mchovya asali hachovyi mara moja.

Likarudi kwenye dele na mchanga wake. Likatoka, likapulizwa na Haji ili lipoe, Haji mwenye mafua. Sadallah akalipangusa kwa ncha ya kanzu yake, ile aliyokalia tangu alfajiri, akasema sasa limetakata kuliko koleo lolote la serikali. Mrisho akatema mate viganjani, akayasugua ili ashike vizuri. Haji akakizuia kichwa cha Bwanausi kwa nyuma.

Bwanausi: Mmmmh! Mmmh!

Haji Redio: Anasema bismillahi.

Mimi: Anasema mwacheni!

Mrisho Spoku: Fungua mdomo, baba Mwaija. Haraka haraka haina baraka, lakini leo tuharakishe.

Nilishamkamata Mrisho mkono wa shati, na tulikuwa tunavutana, aliposimama mbele yetu Bi Biubwa, dada mkubwa wa Bwanausi, ameingia asubuhi ile kutoka Zinga kwa ajili ya harusi. Alikuwa amejitanda khanga, ameshika kapu la nazi. Kina mama hawakuzoea kusimama pale kijiweni, na hata Mrisho alilificha koleo mgongoni.

Bi Biubwa: Assalaamu alaykum.

Sote: Waalaykumu salaam. Shikamoo, Bi Biubwa.

Bi Biubwa: Marahaba. Namtafuta ndugu yangu, kanzu yake imeshapigwa pasi. Mzee Mbaruku, hujambo? Mbona kahawa yako leo inanuka baiskeli? Unapika nini humo?

Mzee Mbaruku: Koleo.

Bi Biubwa: Limeiva?

Mzee Mbaruku: Mara mbili.

Hakucheka. Alimtazama Mrisho mpaka koleo likatoka mgongoni lenyewe, akamtazama Haji mpaka akakiachia kichwa. Haji akaanza kumweleza, na akaeleza vyote: vijidudu, foleni, mpapai, mbwa, udongo. Bi Biubwa alisikiliza mpaka mwisho, kapu mkononi.

Bi Biubwa: Nimesikia. Na mnamng'oa jino lipi?



Mrisho akanyoosha kidole kuelekea jino la juu, upande wa kulia. Wakati huohuo Sadallah alikuwa ameshaonyesha la chini, kushoto. Haji akaonyesha la mbele, akaona wenzake walikoonyesha, akakihamisha kidole. Mzee Mbaruku akasema yeye ni mtu wa kahawa. Mimi mwenyewe, niliyejifanya mwenye akili tangu asubuhi, sikujua. Asubuhi nzima tulikuwa tumemkalia mtu mmoja mwenye jino moja bovu, na hakuna aliyemwambia afungue mdomo tutazame.

Tukamgeukia Bwanausi. Akatia kidole mdomoni, kikaenda nyuma, kikahamia upande wa pili, kikarudi, kikatoka. Maumivu yalikuwa yameshaenea mdomo mzima, naye hakulijua tena lile lililoanza. Machozi yakamtoka mbele yetu, mtu mzima wa ndevu za mvi.

Bi Biubwa: Inuka. Yuko mtu mwenye kioo cha kutazamia ndani ya mdomo, hapo hospitali. Atalitafuta.

Haji Redio: Bi Biubwa, chuma cha moto! Kinatokota, nimekiona!

Bi Biubwa: Wali nao unatokota, Haji. Wewe unaupeleka mdomoni ungali unatokota?

Haji alifungua mdomo, akaufunga. Nilimjua Haji miaka mingi na sikupata kumwona akiufunga. Bwanausi naye alisimama, akalifikiria jambo la wali, akaniashiria nimshike mkono. Bi Biubwa akatangulia na nazi zake. Huko nyuma nilimsikia Mzee Mbaruku anamwaga kahawa yote mchangani, na Sadallah anauliza kama pale pataota mpapai.

Baada ya Alasiri tulijipanga msikitini. Bwanausi alikuwa na kanzu iliyonyooka na pamba ndani ya shavu, pale jino lilipong'olewa. Akamshika bwana harusi mkono, akaanza, polepole, neno kwa neno, jina la binti yake akalisema mara mbili kwa sababu alilipenda, na hakukosea popote. Mimi nililia, na sioni haya kusema. Alipomaliza tu, nikamwona Sadallah pembeni yangu anainua kidole: ana swali kuhusu damu ya ile pamba. Bwana harusi naye alimwona.

"Nimekubali!" akasema, kwa sauti iliyofika barabarani, kabla Sadallah hajavuta pumzi.