Dawa Ndani ya Maziwa

Bwenini tulifundishwa kwamba kusikiliza ya watu ni utovu wa adabu. Kwa hiyo ndani ya basi nilifumba macho, nikasikiliza kwa adabu.

Mama mmoja kijana alikuwa akimwambia jirani yake wa kiti, mlezi wa watoto aliyevaa sare ya kituo kingine, kwamba amemtilia mwanawe dawa ya homa ndani ya chupa ya maziwa aliyomwachia kituoni anakoshinda. "Kwa kijiko hanywi mpaka nimwimbie mimi. Na walezi wake sijawaambia."

"Mdogo wangu! Akibakiza nusu, nani atajua amekunywa dawa kiasi gani? Na wakimpa mwenzake chupa hiyo? Wapigie sasa hivi."

"Nikipiga nitamsikia akiniita. Jana nilimsikia, nikashuka njiani, kazini wakanigombeza."

"Basi nipe namba, nipige mimi."

"Wewe umsikie, mimi nisimsikie?"

Mlezi akarudisha simu yake mkobani.

Basi liliposimama, mama alisita mlangoni, simu sikioni. "Haloo, dada? Maziwa yake msimpe kwanza, yana dawa." Akasikiliza. "Huyo ni yeye?"

Akaanza kuimba. Tuliotaka kushuka tulijipanga nyuma yake, na hata kondakta, anayelipwa kutusukuma, hakumsukuma mtu.