Mwalimu Sesilia na Namba Saba

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, nawasalimu. Hapa Guangzhou ni saa nne asubuhi, Jumapili, na mvua haijakata tangu alfajiri. Mimi ni Jemimah, na hii ni Sauti ya Sanyuanli, redio ya mtaa wetu, ya kwenye simu. Leo sina muziki. Msinitumie salamu za harusi wala tangazo la kontena lenye nafasi. Leo tunamkumbuka Mwalimu Sesilia.

Sesilia Bunyaga. Amefariki hapa Guangzhou, Jumapili ya tarehe nane mwezi huu wa sita, akiwa na miaka thelathini na minne. Narudia kwa mliochelewa kufungua redio: Mwalimu Sesilia Bunyaga, wa Kigoma, mwanafunzi wa udaktari wa elimu, aliyewasaidia watoto wetu wanaosoma kwa Kifaransa. Huyo ndiye ametutoka.

Niseme ukweli mapema. Kipindi cha kumbukumbu huwa kinamalizika kwa faraja. Hiki sidhani.

Sesilia alizaliwa Mwandiga, nje kidogo ya Kigoma mjini. Mama yake anauza mawese sokoni mpaka leo. Nyumbani waliongea Kiha. Jirani yao alikuwa mama wa Kirundi aliyejua Kifaransa, naye akawa anamfundisha Sesilia kidogo kidogo, wakichambua maharage. Kwa hiyo mtoto alikuwa na Kiha cha mama na Kifaransa cha jirani. Kiswahili alikikuta shuleni, darasa la kwanza. Na shuleni, ukitoa neno la Kiha, unavishwa kibao shingoni.

Kaka yake, Respicius, nilizungumza naye kwa simu juzi. Aliniambia hivi: "Dada alivaa kile kibao siku mbili tu. Siku ya tatu akaamua kunyamaza. Mwaka mzima, Jemimah. Mwalimu akamwita baba, akamwambia mtoto wenu ni bubu. Baba akacheka mpaka akakaa chini, maana nyumbani tulikuwa tunambembeleza anyamaze ili watu walale!"

Respicius alicheka alipokuwa ananisimulia. Halafu akalia. Mimi pia.

Basi yule bubu wa Mwandiga akasoma, akawa mwalimu wa watoto wadogo, akapata ufadhili, akaja China. Alitua hapa miaka mitatu iliyopita na sanduku moja na chupa ya mawese iliyomwagikia nguo zote. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya juu, na mbishi. Ukimwambia kitu hakiwezekani, anakuuliza, "Nani kasema?" Na anataka jina.

Sasa niwaeleze ile shule. Sitaitaja. Ipo hapa Baiyun, ni chekechea ya Kifaransa. Wazazi wetu wengi wafanyabiashara waliwapeleka watoto pale kwa sababu shule nyingine ziliwafungia mlango. Pale mtoto anasoma kila kitu kwa Kifaransa tangu siku ya kwanza. Hesabu kwa Kifaransa, hadithi kwa Kifaransa, kuomba maji kwa Kifaransa. Mtindo huo wenye shule wana jina lake. Sisi hapa Sanyuanli tulilitafsiri kwa mzaha, tukasema mtoto "anazamishwa". Mwanzoni tulicheka sana. "Wako kashazamishwa?" "Kazamishwa, anaibuka saa tisa!"

Mwezi wa tisa mwaka jana alizamishwa Nahla. Nahla ana miaka sita. Ni binti wa Abass na Sihaba, watu wa Zanzibar, wanaonunua nguo za jumla pale soko la Zhanqian. Mtoto mchangamfu mno. Baba yake alikuwa akienda naye dukani. Laoban, yaani bosi wa duka, akitaja bei kwa Kichina, Nahla ndiye anayemgeuzia baba kwa Kiswahili. Na kama duka lina kelele, anaonyesha namba kwa vidole, kwa mtindo wa Kichina. Sita ni kidole gumba na cha mwisho. Saba ni ncha za vidole vitatu zikikutana, namna mtu anavyofinya chumvi. Alivijua vyote.

Mwezi wa kumi ikaja barua ya shule. Imeandikwa Kifaransa. Abass na Sihaba hawajui Kifaransa, wakaniletea mimi, maana ofisini kwangu nahudumia wateja wa Kongo, na watu wananiona mjuzi. Nikaisoma haraka nimesimama, simu sikioni, wakala wa bandari ya Huangpu ananipigia kelele kuhusu mzigo. Barua ilisema mtoto hawezi kuhesabu. Hawezi kutofautisha sita na saba. Halafu nikawaambia, "Shule inasema kuanzia leo nyumbani ni Kifaransa tu. Kiswahili muache."

Sihaba akaniuliza, "Mie Kifaransa sina hata cha kuombea chumvi. Sasa nikae nae vipi mwanangu, bubu kwa bubu?"

Nikamjibu, "Shule ndiyo inajua, dada."

Wasikilizaji wapendwa, wale wazazi walitii. Miezi mitatu. Sihaba aliacha kumwimbia mtoto akimsuka. Abass alimwekea katuni za Kifaransa kwenye simu, wakakaa pembeni wanamtazama. Ikifika saa ya kula wanaonyeshana sahani kwa mikono. Abass aliniambia, "Nyumba ilikuwa kama tuna matanga, na hapana aliyekufa."

Nahla akapungua maneno. Hakupata Kifaransa, na Kiswahili kikaanza kumkauka.

Mwezi wa kwanza Sesilia akasikia. Hakuitwa. Alikuja tu. Wakati huo alikuwa na darasa lake dogo la Jumamosi, kwenye chumba cha nyuma cha ofisi ya mizigo ya Khatib. Khatib alimwazima bure. Watoto walikaa juu ya marobota ya nguo, na Sesilia aliwafundisha hesabu kwa vifungo vya mashati alivyookota Zhanqian. Mfuko mzima, vyekundu, vyeusi, vya shaba.

Siku ya kwanza alimwambia Nahla, "Nihesabie kwa lugha unayoitaka wewe." Nahla akamtazama mama yake, anaomba ruhusa. Sihaba akatazama chini. Sesilia akarudia, "Unayoitaka wewe." Nahla akahesabu vifungo hamsini na viwili kwa Kiswahili bila kukosea. Kisha akahesabu kwa Kichina. Sihaba alitoka nje ya chumba, akalia kwenye ngazi.

Sasa sikilizeni alichogundua Mwalimu. Akawa anamtajia namba kwa Kifaransa, Nahla anatenga vifungo. Moja mpaka tano, sawa. Ilipofika saba, mtoto akatenga sita. Tena. Akatenga sita. Mara ya tatu, sita. Sesilia akapiga paja lake. Kwa Kifaransa saba ni "sept", inatamkwa "set". Na mtoto wa Kiswahili akisikia "set", anasikia nini? Sita! Miezi yote mwalimu wa darasani alikuwa akisema saba, Nahla anasikia sita, anaandika sita, anapigwa alama nyekundu ya kosa. Mtoto alikuwa anahesabu vizuri. Hakuna mtu pale shuleni aliyekuwa na Kiswahili cha kumsikilizia.

Sesilia akaomba ile barua aione. Nikampelekea mwenyewe. Akaisoma, akakunja uso, akaniita pembeni nyuma ya marobota. Akasema, "Jemimah, hapa hapajaandikwa hivyo." Akaniwekea kidole. Barua ilisema wazazi wamsikilizishe mtoto Kifaransa nyumbani kadiri inavyowezekana. Kadiri inavyowezekana. Basi. Kiswahili hakikutajwa. Neno "tu" niliweka mimi. Neno "muache" niliweka mimi.

Nilitaka ardhi ipasuke. Nikamwambia usinitaje. Akanijibu, "Simwambii mtu. Nenda karekebishe leo." Nikaenda. Nikawaambia Abass na Sihaba kwamba shule imebadilisha mawazo. Huo nao ulikuwa uongo wangu.

Kuanzia mwezi wa pili mpaka wa tano, Mwalimu Sesilia alikuwa na Nahla kila Jumamosi na kila Jumatano. Kwanza namba inasemwa Kiswahili, vifungo vinashikwa mkononi, ndipo inavalishwa Kifaransa. Alimfundisha Sihaba aseme hadithi kwa Kiswahili, na Nahla atafute maneno matano tu ya Kifaransa ya kuiweka ndani. Alisema, "Mimi sina ugomvi na Kifaransa, nimekula nacho maharage. Ninachokataa ni mtoto kuambiwa avulie lugha yake mlangoni kama viatu." Akaandikia shule. Mara tatu. Mara ya tatu wakakubali: Nahla atapimwa tena tarehe kumi na moja mwezi wa sita, na Mwalimu Sesilia ataruhusiwa kukaa naye na kueleza. Akifaulu, anaingia darasa la kwanza. Akishindwa, nafasi yake inafutwa. Na Guangzhou nzima shule nyingine ya kumchukua wazazi walikuwa wameshakosa. Kushindwa maana yake ilikuwa moja: mtoto na mama warudi Zanzibar, baba abaki peke yake.

Tarehe nane, Jumapili asubuhi, Sesilia alikuwa anashuka ngazi za bweni kwenda misa. Akakaa kwenye ngazi. Mwenzake wa chumba, Loyce, alidhani anafunga kiatu. Hospitali walisema ni mshipa wa damu kichwani. Alifariki kabla ya saa sita mchana.

Tuliomba shule isogeze siku. Wakasema ratiba imeshapangwa. Kwa hiyo tarehe kumi na moja, siku tatu baada ya msiba, nilimpeleka Nahla mimi. Mpimaji alikuwa mama mmoja mgeni, ametua China wiki hiyo hiyo. Hakuwa mtu mbaya. Alinionyesha kiti cha nyuma, akaniambia nisiseme neno. Nahla akauliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu yu wapi?" Tulikuwa hatujamwambia. Hakuna aliyekuwa na moyo huo.

Mpimaji akaweka kadi mezani yenye nyota saba. Akauliza kwa Kifaransa, ngapi? Nahla akatazama mlango. Akauliza tena. Mtoto akafungua mdomo, pakatoka hewa tu. Halafu akanyanyua mkono wake wa kulia, polepole, akakutanisha ncha za vidole vitatu. Saba. Saba ya Zhanqian, saba ya sokoni, saba sahihi kabisa. Yule mama akahesabu vidole. Akaandika tatu.

Nikasimama. Nikasema, "Madame, hiyo ni saba!" Akaniambia nikae au nitoke. Nilipomwelezea baada ya pale alinisikiliza kwa adabu, akasema anasikitika, fomu imeshafungwa. Tukaenda kwa mkubwa wa shule. Naye akasikitika. Kule sokoni ukikosa kitu unaambiwa "meiyou", hakuna, unajua moja. Hawa walitusikitikia mpaka tukafika nje ya geti.

Darasa la Jumamosi limefungwa. Tulijaribu mara moja bila yeye. Watoto tisa walikaa juu ya marobota wakaniangalia, na mimi sijui kufundisha. Nikawagawia biskuti, wakaondoka.

Alhamisi iliyopita Sihaba na Nahla wamesafiri. Asubuhi ile nilikwenda kwao, nikamwambia Sihaba yote. Barua, neno "tu", na Sesilia alivyonifichia siri. Nilisema nimesimama mlangoni, machozi yananitoka. Sihaba alimaliza kufunga zipu. Akasema, "Shika begi hilo tuteremke." Basi. Nikalibeba mpaka garini.

Nahla nilimwita. Hakuitika. Tangu siku ya kipimo hajasema. Kifaransa hasemi, Kichina hasemi, na Kiswahili, kile tulichokipigania, nacho hasemi. Abass ananiambia hata jana alipopiga simu Zanzibar, bibi wa Nahla alimbembeleza mtoto aongee na baba yake mpaka bibi akachoka.

Mwili wa Mwalimu Sesilia bado uko hapa, unasubiri karatasi za kusafirishwa. Mama yake aliniambia maneno haya, nami nayafikisha kama alivyoyasema: "Kila Jumamosi alinipigia akinisimulia watoto wa watu. Nilikuwa namuuliza, wako lini? Sasa nawaomba mnirudishie mimi wangu."

Kwa mama, kwa Respicius, kwa ukoo wote wa Bunyaga kule Mwandiga, kwa Loyce na wanafunzi wenzake, sisi wa Sanyuanli tunawapa pole. Mungu ampokee. Kwa Abass, aliyebaki na nyumba tupu, pole, na nisamehe ukiweza. Mwalimu Sesilia Bunyaga, miaka thelathini na minne. Alituonyesha kwamba mtoto wetu alikuwa anajua. Tumechelewa kumsikia.

Ninyi wazazi, sina fundisho la kuwapa, mimi ndiye wa mwisho wa kufundisha. Sijui hata kama ninachotaka kuwaomba kitasaidia, maana kwa Nahla hakikuwahi. Lakini kama hapo ulipo kuna mtoto, yuko chumba cha pili, ameinamia simu, kimya, na wewe umekaa unanisikiliza mimi, basi usinisikilize. Zima redio. Nenda ukaongee naye.