Mama wa Farasi wa Saud

Kila siku baada ya Alasiri tunakaa kwenye benchi nje ya duka la fundi cherehani, mtaani Azaiba, dele la kahawa katikati yetu. Sote ni watoto wa Unguja na bara tuliorudi Omani: Waarabu kwa pasipoti, Waswahili tukishafungua midomo. Mimi nimetembea nchi nyingi, na mnyama pekee niliyempanda ni punda wa Lamu, akanimwaga mbele ya watalii. Lakini kwa mambo ya farasi, benchini petu kila mtu mtaalamu. Siku moja, mwaka tisini na nane, Saud alikuja na picha ya farasi jike mweupe. Mtu wa Barka anataka wabadilishane: yeye atoe farasi, Saud atoe kiwanja chake cha Al Khoudh, na Saud hana kiwanja chengine. Jawabu linatakiwa kabla ya Magharibi.

— Kiwanja kwa farasi? Yakhe, una homa? — akauliza Amur, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki.

— Huyu Mwarabu asili, — Saud akasema. — Tazama uso ulivyobonyea kama kisahani. Macho hayo! Pua pana. Akikimbia, mkia juu kama bendera.

— Mkia huo umetiwa tangawizi, — Redio akasema. — Wanampaka huko nyuma. Hata wewe ungesimama.

— Na ngozi? — akadakia Nasr. Huyu tunamwita Safi, maana mbele ya watu wa ofisini Kiswahili humpotea. — Farasi asili, chini ya manyoya meupe ngozi nyeusi. Umemfunua?

— Nimemfunua. Nyeusi tii.

— Basi hata mimi nimo, — nikasema. Akacheka fundi peke yake.

— Rangi hiyo! — Redio akapandisha sauti. — Binamu yangu aliuziwa ngamia Sohar. Mvua ikanyesha, akawa ngamia mwengine.

Safi akainua kidole.

— Hayo yote mapambo. Farasi haulizwi baba kwanza. Mabedui wanashika ukoo kwa mama, na mama wa mama. Mama yake nani?

Sauti ya Saud ikashuka.

— Mwenye farasi anasema... aliletwa na meli.

— Ahaa! Mama katoka ng'ambo! Hapo hakuna asili tena, hata uso ubonyee mpaka kisogoni!

Sote tukatikisa vichwa, na mimi nikiwemo, kama makadhi. Saud akaanza kuirudisha picha mfukoni.

Honi ikalia nyuma yetu. Mahbuba, mkewe Saud, alikuja kumchukua. Kioo cha gari kiko chini, sijui tangu saa ngapi.

— Shemeji Nasr, — akaita kwa upole. — Bi mkubwa, mama yako, hajambo?

— Hajambo, alhamdulillah.

— Yeye alikuja na meli gani?

Safi akatazama ndani ya kikombe. Mimi, ambaye mama yangu alianza na treni ya Tabora kabla ya hiyo meli, nikaona nipulize kahawa iliyokwisha poa. Hata Redio akazimika.

Saud akafungua mlango wa gari.

— Twende Barka, mke wangu.

— Twende, — Mahbuba akasema. — Lakini huo mkia nnakwenda kuunusa mwenyewe.