Maisha ya Lameki Mtewele, Mtetezi wa Madereva Walevi wa Makambako

Kamwene ndugu wote, Mchungaji, wazee wa kanisa, na ninyi madereva mliojipanga ukutani kama mnaongoja kuitwa na karani. Mimi ni Fidelia, dada mkubwa wa marehemu, nimepewa kusoma kwa sababu wanaume wa ukoo wetu wote wamesema macho yanawauma, nami nilisoma misheni miaka miwili tu, kwa hiyo nitakwenda polepole, na mwenye haraka atangulie kwa miguu kijijini kwetu Yakobi tunakokwenda kumzika.

Marehemu Lameki Mtewele alizaliwa Yakobi mwezi Juni mwaka 1903, akabatizwa Krismasi ya mwaka huohuo, akalia tangu maji yalipomgusa mpaka wimbo wa mwisho, na tangu utoto alikuwa mwoga, aliogopa radi, aliogopa ng'ombe, hata mjomba wetu mwenye ndevu alimwogopa. Alianza shule Yakobi mwaka 1911, akaendelea Kidugala mpaka vita vilipowatawanya wanafunzi, akarudi nyumbani anajua kusoma, kuandika na kujificha.

Tarehe 1 Aprili 1927 aliajiriwa bomani Njombe kuwa tarishi, na mwaka 1932 akawa mkalimani wa mahakama, na hapo ndipo alipoona watu waoga kuliko yeye, maana dereva akisimamishwa mbele ya meza ya hakimu kwa kosa la kuendesha gari amelewa, alijibu ndiyo bwana kwa kila swali, hata alipoulizwa jina la baba yake, akaenda kifungoni bila kujua kwamba alikuwa na haki ya kumuuliza askari swali au kuleta shahidi.

Alifunga ndoa na Hulda tarehe 6 Septemba 1930, mbele ya watu wengi waliodhani hatathubutu kusema ndiyo, wakajaliwa watoto wanne, Elieza, Tabea na Efraimu mnaowaona hapa, na mmoja aliyechukuliwa na surua mwaka 1938.

Alistaafu mwaka 1951, akajenga hapa Makambako kando ya barabara, na kwa kuwa mawakili walikuwa mbali, madereva wa malori ya pareto na magome ya miti ya miwati wakaanza kumjia. Yeye hakuwa wakili, hakuruhusiwa kusimama mahakamani kumsemea mtu, basi alimketisha mshtakiwa kwenye ngazi za nyumba yake, akamweleza shtaka maana yake nini, akajifanya hakimu, akajifanya askari, akamfokea, mpaka yule mtu akazoea kujibu bila kutetemeka.

Mwezi Februari 1954 alikamatwa Tarsis, huyu hapa, usijifiche nyuma ya Elieza, lori lake likiwa mtaroni na yeye ameambiwa na askari atembee juu ya mstari uliochorwa kwenye tope, akayumba. Kule Njombe Tarsis alimuuliza askari kama alivyofundishwa, "Afande, wewe ulipopita kwenye tope lile, hukuteleza?" Askari akatazama viatu vyake, akasema, "Niliteleza kidogo." Hakimu akauliza kidogo kiasi gani, askari akasema mpaka chini, watu wakacheka, na Tarsis akaachiwa na leseni yake.

Lakini Tarsis alikuwa amekunywa, ndugu zangu, Oktavia aliyemuuzia pombe ya ulanzi ameketi pale mwenye kanga ya bluu, na Lameki alijua. Nje ya mahakama hakumpa mkono, alimwambia, "Leo umepona wewe, sasa naumwa mimi, maana ukigonga mtoto wa mtu nitakuwa nimemgonga mimi." Akamwekea sharti, na wengine wote baada yake wakawekewa lilelile, kwamba kila asubuhi kabla ya kuwasha gari, dereva apite kwake amsogelee puani na kumpumulia, na mwenye harufu alirudishwa akalale. Watu walicheka wakisema mzee anabusiwa na madereva, lakini Hulda hakucheka, kwa sababu yeye ndiye aliyeona mumewe anavyoacha ugali kila lori likichelewa. Mwaka 1955 lori lilipopinduka mteremkoni na kuua, Lameki alikimbia peku mpaka pale, akakuta si mtu wake, akarudi nyumbani akatapika.

Tarehe 3 Machi mwaka huu wa 1957 alisimama barabarani kwenye mvua tangu asubuhi kumngoja Tarsis, aliyekuwa amekwama matopeni, na jioni kifua kikaanza kumbana, akapelekwa hospitali, wakasema kichomi. Tarsis alimfuata huko, akainama, akampumulia, na Lameki akamtazama kwa hofu ambayo sijaiona hata kwa mtoto, akasema, "Pua imeziba, mwanangu, sijui kama umekunywa, nenda polepole." Alifariki tarehe 12 Machi, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru Bwana Daktari na dresa, msaidizi wake, majirani waliolala nasi kwenye baridi hii, karani na matarishi wa boma waliokuja kutoka Njombe, Mchungaji, na Tarsis aliyetoa lori limpeleke marehemu nyumbani Yakobi, pamoja na sisi wote tutakaopanda, na watoto wetu, kwenye utelezi wa Machi na madaraja yale ya magogo.

Ila asubuhi hii Tarsis ameonekana akitokea nyuma ya nyumba ya Oktavia. Oktavia anasema alifuata maji ya kutia kwenye rejeta, na mimi sibishi, lakini ni msimu wa ulanzi, na aliyekuwa akitunusia amelala ndani ya sanduku. Kwa hiyo nimeandika hapa kwamba nikimaliza kusoma, Tarsis atakuja mbele, avue kofia, anipumulie mimi, kisha Hulda, kwa sababu pua za wanawake wa nyumba hii bado ni nzima. Akiwa safi tutapanda. Akiwa na harufu, vijana vueni makoti, tutambeba marehemu mabegani mpaka Yakobi hata tukilala njiani.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, kuogopa kwako kumekwisha, sasa tutaogopa sisi. Tarsis, sogea.